Saa Ngapi, na Wapi? Mihuri ya Wakati katika Hifadhidata za Masomo

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha somo la saa huanza na swali dogo: "Sasa ni saa ngapi?" Mwanafunzi hujibu, mwalimu humsahihisha, na somo huendelea. Miaka hii swali hilo halitoshi tena. Mazoezi, mitihani midogo, mahudhurio na rekodi za sauti za wanafunzi wetu huwekwa katika hifadhidata za kompyuta, na kila kinachoingia humo hupigwa muhuri wa wakati, yaani tarehe na saa ya kuingia kwake. Muhuri huo ndio unaoamua nani amewahi na nani amechelewa. Ukikosewa, mtu hupoteza haki yake.

Sisi tunaoandika makala hii tunafundisha Ndera, Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Mji wa Kigali. Wenzetu tunaoshirikiana nao wako Dar es Salaam na Kampala, na baadhi ya wanafunzi wako Ulaya na Marekani. Katika kazi hiyo tumejifunza kwamba muhuri wa wakati unaweza kusema uongo bila ya mtu yeyote kudanganya. Makala hii inakusudia kueleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na nini mwalimu au mwanafunzi wa lugha, asiye fundi wa kompyuta, anaweza kufanya. Ili tusichanganyikiwe, saa ya mashine tutaiandika kwa tarakimu za saa 24, kama 23:20, na saa ya Kiswahili tutaiandika kwa maneno.

Kazi iliyochelewa bila ya kuchelewa

Tuanze na kisa kimoja. Katika kozi tuliyoifundisha pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam, tuliwaambia wanafunzi walete insha kabla ya mwisho wa siku ya Jumapili. Tuliposoma orodha iliyochapishwa, tuliona insha ya mwanafunzi mmoja imepigwa muhuri wa Jumatatu, 00:20. Tukaandika kwamba amechelewa, tukamkata alama. Baada ya siku mbili alituandikia kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Nilipoleta kazi, huko kwenu ilikuwa bado Jumapili."

Alikuwa na haki. Orodha ilikuwa imechapishwa kwa saa za Dar es Salaam, na sisi tuliisoma kwa saa za Kigali. Dar es Salaam ilipokuwa 00:20 ya Jumatatu, Kigali ilikuwa 23:20 ya Jumapili. Alikuwa amebakiwa na dakika 40. Kompyuta haikukosea kuhesabu, na mwanafunzi hakudanganya. Kilichokosekana katika orodha ile ni neno moja tu, yaani jina la mahali. Alama tulimrudishia, lakini swali lilibaki: ni wangapi kabla yake waliokatwa alama na hawakuuliza?

Somo la kwanza la kisa hiki ni la lugha kabla ya kuwa la kompyuta. Hakuna Mswahili anayesema "njoo saa mbili" akaishia hapo, isipokuwa mazingira yamekwisha kueleza. Atasema saa mbili asubuhi au saa mbili usiku. Tunajua kwamba saa bila ya kipindi cha siku ni kauli isiyokamilika. Kwa hifadhidata inayosomwa katika nchi zaidi ya moja, saa bila ya mahali ni kauli isiyokamilika vilevile.

Daraja la Rusumo na nyuzi 30

Kwa nini Kigali na Dar es Salaam zipishane saa moja? Dunia hujizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Kigali iko karibu kabisa na nyuzi 30 mashariki ya Greenwich, na 30 ni mara mbili ya 15. Ndiyo maana Rwanda iko saa mbili mbele ya saa ya ulimwengu, inayojulikana kwa herufi UTC. Burundi na mashariki ya Kongo ziko hivyo hivyo. Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia ziko saa tatu mbele.

Msafiri anayetoka Kigali na kuvuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera kuingia Tanzania husogeza saa yake mbele kwa saa moja. Anayepitia Gatuna kwenda Kampala hufanya vivyo hivyo. Lakini anayevuka kwa miguu kutoka Gisenyi kwenda Goma habadilishi chochote, ingawa ameingia nchi nyingine. Na anayesafiri kutoka Goma kwenda Kinshasa hubadilisha saa, ingawa hajatoka katika nchi ile ile. Kwa hiyo ukanda wa saa si sawa na mpaka wa nchi, wala hautokani na jua peke yake. Ni uamuzi wa serikali.

Kampala ni mfano mzuri wa uamuzi huo. Mji huo uko kwenye nyuzi 32 na nusu hivi, jirani sana na Kigali, lakini unafuata saa moja na Nairobi. Matokeo yake ni kwamba jua la Kampala huchomoza kati ya 06:30 na 07:00 kufuatana na miezi, wakati Kigali huchomoza karibu na 06:00 mwaka mzima. Kwa hiyo mgeni anayetaka kuelewa kwa nini Waswahili huita 07:00 saa moja, yaani saa ya kwanza ya mchana, hapa kwetu ataiona maana yake kwa macho. Kinyarwanda nacho huhesabu hivyo hivyo: 07:00 ni saa moya.

Saa inayopotea na saa inayorudi

Karibu na ikweta mchana na usiku hulingana kwa tofauti ya dakika chache, na hivyo Afrika Mashariki haina sababu ya kusogeza saa kila mwaka. London ni tofauti: mchana wa Desemba ni kama saa 8, na wa Juni unazidi saa 16. Nchi nyingi za aina hiyo husogeza saa mbele kipindi cha joto na kuirudisha kipindi cha baridi. Marekani, tangu 2007, huanza Jumapili ya pili ya Machi na kumaliza Jumapili ya kwanza ya Novemba. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza huanza Jumapili ya mwisho ya Machi na kumaliza Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Tuchukue mfano wa darasa la intaneti linaloanza 16:00 za Kigali, yaani saa kumi alasiri. Mwanzoni mwa Machi 2025 saa hiyo ilikuwa 09:00 New York na 14:00 London. Tarehe 9 Machi New York ilisogeza saa, na darasa lile lile likawa 10:00 kwao. London ilisubiri hadi tarehe 30 Machi. Kwa majuma matatu miji hiyo miwili ilipishana saa nne badala ya tano. Mwanafunzi wa New York aliyeendelea kuingia 09:00 kama alivyozoea angekuwa amefika saa moja kabla ya mwalimu. Angesubiri, angekata tamaa na kuondoka, na hifadhidata ya mahudhurio ingemwandika kuwa hakuhudhuria. Hapa Ndera saa haikuguswa na mtu, lakini ratiba ingevurugika.

Tatizo gumu zaidi liko katika usiku wenyewe wa mabadiliko. Tarehe 9 Machi 2025 saa za New York ziliruka kutoka 02:00 hadi 03:00. Dakika ya 02:30 haikuwapo siku hiyo. Tarehe 2 Novemba 2025 zilirudi kutoka 02:00 hadi 01:00, na kila dakika kati ya hizo ilipita mara mbili. Sasa fikirieni mwanafunzi wa New York anayekesha ili azungumze na mwenzake wa Kigali na kurekodi mazungumzo. Wanaanza 01:50 ya mara ya kwanza, wanamaliza 01:10 ya mara ya pili. Kwa saa za Kigali ni kuanzia 07:50 hadi 08:10 asubuhi, yaani dakika 20. Lakini hifadhidata iliyoandika saa za New York bila maelezo itaona rekodi iliyomalizika dakika 40 kabla ya kuanza.

Dawa ya jambo hili inajulikana. Tukio lililokwisha kutokea huhifadhiwa kwa saa ya ulimwengu, ambayo hairuki wala hairudi. Rekodi ile ingeandikwa 05:50 hadi 06:10 UTC, na kila msomaji angeonyeshwa saa ya kwake. Mashine nyingi kwa ndani huhesabu sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya ulimwengu. Hii inaeleza kioja ambacho huenda nanyi mmekiona: mwanafunzi ambaye hakuleta kazi kabisa anaonyeshwa kuwa ameileta tarehe 1 Januari 1970, 02:00. Hiyo ni sifuri iliyosomwa kwa saa za Kigali. Dar es Salaam sifuri hiyo hiyo husomeka 03:00.

Saa ya Kiswahili si ukanda

Tatizo la pili ni letu wenyewe. Mwanafunzi anayejaza fomu ya Kiswahili akiulizwa alianza zoezi saa ngapi, anaandika "2:00" akikusudia saa mbili asubuhi. Mashine inapokea 02:00, yaani saa nane usiku. Baada ya muda mwalimu anasoma takwimu na kushangaa jinsi wanafunzi wake wanavyojisomea usiku wa manane.

Baadhi ya mafundi wakielezwa jambo hili hupendekeza njia ya mkato: kuichukulia saa ya Kiswahili kama ukanda wa saa unaobaki nyuma kwa saa sita. Kwa asubuhi na mchana hesabu hutoka sawa. Usiku inaharibika. Kazi iliyoletwa Jumatatu 02:00 ikipunguzwa saa sita inakuwa Jumapili 20:00. Namba nane imepatikana, lakini siku imerudi nyuma, na mwanafunzi aliyechelewa kwa saa mbili sasa anaonekana amewahi kwa saa nne.

Tena, mapokeo ya Waswahili kuhusu mwanzo wa siku yanakwenda kinyume kabisa na njia hiyo. Kwa hesabu ya kale ya pwani, inayofuata kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwa wazee wa pwani ni usiku unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Bara, watu wengi wakisema usiku wa Ijumaa hukusudia usiku unaoifuata. Kwa hiyo programu ya kupunguza saa sita hurudisha siku nyuma, ilhali mapokeo ya pwani huisukuma mbele. Lugha imekwisha kutoa suluhisho, na magazeti hulitumia kila siku: "usiku wa kuamkia Ijumaa". Kauli hiyo haina utata pwani wala bara.

Msimamo wetu ni kwamba saa ya Kiswahili ni namna ya kusoma na kutamka wakati, si ukanda wa saa. Nafasi yake ni mlangoni, pale mtu anapoandika na anapoonyeshwa, na si ndani ya hifadhidata. Fomu nzuri ya Kiswahili huuliza saa pamoja na kipindi: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Kisha mashine hugeuza jibu hilo kuwa saa ya ulimwengu kimyakimya. Hatuoni sababu ya mwanafunzi kuacha saa ya Kiswahili ili kompyuta ipate raha.

Yaliyopita na yajayo

Je, basi tuandike kila kitu kwa saa ya ulimwengu? Hapana. Kanuni hiyo inafaa kwa yaliyopita. Ahadi za mbele zinahitaji jambo jingine, na Sudan Kusini inatuonyesha kwa nini. Tarehe 1 Februari 2021 nchi hiyo ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kutoka saa tatu mbele ya UTC hadi saa mbili, ikawa sawa na sisi. Tuseme mtihani wa Juba ulikuwa umepangwa mwaka 2020 ufanyike Februari 2021, 09:00 za Juba. Hifadhidata iliyogeuza mpango huo kuwa 06:00 UTC ingeuonyesha baadaye kuwa ni 08:00. Watahiniwa wangekuja 09:00 kama tangazo lilivyosema, na mashine ingekwisha kuwafungia mlango.

Misri nayo iliacha kusogeza saa kwa miaka kadhaa, kisha ikarudia Aprili 2023. Serikali zina uhuru huo, na mara nyingine hutangaza kwa muda mfupi. Kwa hiyo ahadi ya mbele ihifadhiwe kama ilivyotamkwa: tarehe, saa ya mahali, na jina la mahali. Igeuzwe kuwa saa ya ulimwengu inapotumika tu.

Majina ya mahali hutoka katika orodha ya kanda za saa inayotumiwa na kompyuta karibu zote duniani. Ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, huendelezwa na watu wa kujitolea, na tangu 2011 iko chini ya uangalizi wa shirika la IANA. Humo Kigali huandikwa Africa/Kigali na Dar es Salaam huandikwa Africa/Dar_es_Salaam. Nchi inapobadilisha saa, orodha hurekebishwa, na kompyuta iliyosasishwa hupata habari.

Wenzetu wanaoingiza rekodi na magazeti ya zamani katika hifadhidata wawe waangalifu. Orodha hiyo hutenganisha miji hasa kwa mabadiliko ya tangu 1970. Kwa sababu hiyo Dar es Salaam na Kampala huelekezwa kwenye Nairobi, na Kigali huelekezwa kwenye Maputo. Kwa mujibu wa orodha hiyo, Nairobi ilikuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich hadi katikati ya 1928, ikawa saa tatu, ikarudi saa mbili na nusu Januari 1930, ikawa saa mbili na robo tatu kuanzia 1937, na ikatulia katika saa tatu Agosti 1942. Mtu akiandika tukio la Dar es Salaam la mwaka 1938, mashine itampa historia ya Nairobi bila ya kumwambia.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza walimu wenzetu wazingatie yafuatayo:

1. Tangazo la mwisho wa kuleta kazi litaje mahali, kwa mfano "saa za Kigali". Aidha, liepuke "Jumapili saa sita usiku", kwa kuwa haijulikani ni saa sita inayoianza Jumapili au inayoimaliza. Afadhali kuandika "Jumapili saa tano na dakika 59 usiku, saa za Kigali (23:59)".

2. Orodha yoyote inayochapishwa kutoka katika hifadhidata iwe na jina la ukanda juu ya safu ya saa. Kama halipo, usikate alama kabla ya kuuliza.

3. Muulize fundi hifadhidata yenu inahifadhije wakati. Katika MySQL, kwa mfano, aina ya DATETIME huweka tarakimu kama zilivyoandikwa, na TIMESTAMP huzigeuza kuwa UTC na kuzirudisha katika ukanda wa anayesoma. Katika PostgreSQL, hata aina inayotaja ukanda huhifadhi UTC tu na kuusahau ukanda wenyewe. Ukitaka kujua mwanafunzi alikuwa saa ngapi kwake, ongeza safu ya pili yenye jina la ukanda.

4. Tumieni majina ya miji badala ya vifupisho. Kifupisho IST hutumika India, Israeli na Ayalandi kwa maana tatu tofauti. Pia jihadharini na majina ya aina ya Etc/GMT, ambayo alama zake zimegeuzwa: Etc/GMT-2 ndiyo iliyo saa mbili mbele, kama Kigali. Anayechagua Etc/GMT+2 atakosea kwa saa nne.

5. Darasa lenye wanafunzi wa Ulaya na Marekani lipewe tangazo jipya la ratiba kila Machi na kila mwisho wa Oktoba. Tangazo litaje mji ambao saa yake ndiyo inayofuatwa.

Hitimisho

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi hapa. Jumuiya yenyewe sasa imeenea kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, na ndani yake zimo kanda tatu za saa. Wanafunzi wa Goma, Ndera, Arusha na Unguja watazidi kukutana katika darasa moja na mtihani mmoja. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba hakuna anayefelishwa na saa ya mji asiouishi.

Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Fundi atajenga hifadhidata kufuatana na maswali anayoulizwa, na mwalimu wa lugha ndiye aliyezoea kuuliza maswali ya maana: umesema saa mbili, ya asubuhi au ya usiku? Tuliongeze swali moja tu: na ya wapi? Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuletee mifano yao, ili katika matoleo yajayo tuendelee kujadili istilahi na mazoezi ya somo la saa.